Mkate Unaolika

Mwokaji hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkate ukitoka tanurini aliugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, akausikiliza kama mtu aliyebisha hodi, kisha akatoa hukumu. "Mbichi." Au "Umeungua." Au, ukiwa umenusurika, "Unalika."

Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa hajawahi kupata neno jingine tangu aolewe na kuanza kuoka pale. Unalika. Hata ukoko unalika, alijisemea moyoni. Kibaya zaidi, mikate ya mzee ilipangwa kwenye kabati la kioo linalotazama barabara, yake yeye ikafungwa kitambaani na kupelekwa nyumbani. Na kila mtu alijua mikate ya kwenda nyumbani ni ile iliyoharibika.

Akakanda mpaka mabega yakamlilia. Akaacha kinyunya kiumuke taratibu, asikiharakishe. Mzee akagonga, akasikiliza.

"Unalika."

Kitambaani.

Jioni ile akamfuata mama mkwe jikoni, macho chini. "Mama, kesho siendi dukani. Niacheni nifagie hapa nyumbani. Namharibia baba unga wake."

"Unaharibu nini, mwanangu?"

"Si mikate yangu yote inaletwa huku?"

Mama mkwe akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "We mzee! Njoo umwambie mtoto wa watu ukweli!"

Mwokaji akaingia, shavu limetuna, makombo kidevuni.

"Tangu nimeolewa natafuna makaa ya mzee huyu," mama mkwe akasema. "Kila kilichoungua, 'Mke wangu, tusitupe riziki.' Ulipoanza kuoka wewe, akaniletea mkate mzima, laini! Nikamuuliza, huu umeharibika wapi? Akanijibu, 'Kula, usiulize.'"

"Mimi nilisema unalika," mwokaji akajitetea. "Si ndiyo hivyo tunaula?"

"Kumbe mnaipenda, baba?"

"Mkwe, nisichokipenda huwa nakiuza."

"Ndiyo maana wateja wanakukimbia!" mama mkwe akamkata. "Kizuri chajiuza. Kesho mikate yake ikae kwenye kioo, na wewe urudi kwenye makaa yako."

Asubuhi ikapangwa kiooni, mzee akiitazama kama anayeaga wasafiri. Jua halijawa kali, kabati lilikuwa karibu tupu. Ulibaki mkate mmoja. Fundi viatu wa jirani akanyoosha mkono, lakini mwokaji akamwahi, akauchomeka chini ya aproni.

"Huu hauuzwi."

"Kwani una kasoro gani?"

Mwokaji akamtupia jicho mkwe wake, akakohoa.

"Hauna kasoro. Unalika."

Mkwe akageukia beseni la unga, akainama sana, wasimwone anavyocheka.