Sita ya Uru

Jana nilipolala niliota treni imeshaondoka Tabora nami nimo ndani, na begi langu limekaa kiti cha mbele yangu, limekunja nne. Tunaelekea Mpanda. Sikumuaga mke wangu, Kidawa.

"Tucheze poka," begi likasema. "Nikishinda, tunakwenda. Ukishinda, shuka urudi kwa bibi yako."

Birika lilikuwa limevaa kofia ya mkaguzi wa tiketi. Likatugawia karata tano tano na kutukumbusha sheria: mara moja tu, unatupa usizozitaka upewe nyingine, au unatulia na ulizonazo. Zinazotupwa zinapitia dirishani, hazirudi.

Nikafungua zangu. Nne, tano, sita, saba, nane, zimefuatana kama watoto wa shule mstarini. Zote kopa, isipokuwa sita, ambayo ni uru. Ndani ya hiyo sita amechutama Kidawa, anapika chapati.

"Mtoe huyo," zile kopa nne nyingine zikaninong'oneza. "Ikija sita ya kopa, hakuna wa kutugusa."

"Isipokuja?"

"Mzee, tangu lini ukauliza hilo?"

Kweli. Miaka arobaini nimekuwa nikivunja kilichokamilika nikatafute kizuri zaidi. Useremala wa Kigoma niliuacha hivyo hivyo, na nyumba ya Urambo kabla sijaezeka.

Begi likatupa moja, likapewa moja, likaguna kama mtu aliyeshiba.

Sasa behewa ni jiko letu, lakini bado linakwenda. Masufuria yanagongana kwenye kona.

"Kidawa," nikasema, "unaonaje?"

"Mimi nina chapati motoni," akajibu bila kugeuka. "Ukinitupa, nitupe taratibu, mafuta yasimwagike. Ukibaki, kalete kuni."

Mkono umeshamshika. Upepo wa dirishani unamvuta khanga.

"Unabadili au unatulia?" birika linauliza.

Neno lile halijawahi kupita kooni mwangu. 

"Nimetulia."

Treni nayo ikatulia, hapo hapo jikoni. Begi likafunua zake: wafalme wawili, saba mbili, na kijiko. Jozi mbili hazishindi tano zilizofuatana.

"Niliomba mfalme wa tatu," likasema kwa aibu, "nikapewa kijiko."

"Sasa ulikuwa unaguna nini?"

"Njaa."

Nikaamka kumeshakucha. Begi lilikuwa mlangoni, nililifunga mwenyewe jana kwa safari ya Mpanda, na Kidawa sikuwa nimemwambia. Huko nje nikamsikia, "Mzee, hukukiona kijiko changu cha kupakia mafuta?"

Nikafungua zipu. Kilikuwa juu ya mashati, kina mafuta, kingali cha moto.

Treni ya Mpanda imepita bila mimi. Begi limetiwa mbegu za karanga, limetundikwa darini. Zile kopa nne zimo kwenye pakiti ya karata, hazisemi na mtu. Kidawa amerudishiwa kijiko chake, hakuuliza kilikuwa wapi. Kuni nimeleta.