Honi Tatu Mbele ya Baraka

Mwaka wa 1956 nilikuwa baharia kwenye kivuko kilichobeba watu na magari kutoka Uvira hadi Baraka, na mpaka leo nikiona gari linalong'aa natamani kulitemea mate.

Siku moja Saumu, mwanamke wa Baraka aliyeishi Uvira, alipanda kivuko chetu. Habari za ugonjwa wa mama yake nilimpelekea mimi mwenyewe. Tulipokaribia Baraka, mvuvi mmoja alimpigia kelele kutoka mtumbwini: "Saumu! Mama alishakufa asubuhi! Yaya yako Assumani iko nakungoya umuone uso, lakini batamuzika mbele ya jua kuzama!"

Saumu hakulia. Alisimama ukingoni akitazama pwani, alikokuwa kaka yake huyo mkubwa. Jeneza lilionekana kando ya msikiti, watu wamelizunguka. Bado lilikuwa pale. Nilifurahi kama mjinga.

Tukateremsha mlango wa chuma mchangani. Sheria yetu ilikuwa gari kwanza, watu baadaye, na mbele kabisa lilikaa gari la Mzungu wa kampuni ya pamba. Magurudumu yake ya mbele yakazama.

"Kapiteni," nikamwambia Nicolas, "huyu mama iko na kilio. Tumuache apite pembeni."

"Gari ikiteleza itamuponda. Hapana."

Tukalivuta gari ndani, ili kivuko kirudi nyuma kitafute mchanga mgumu. Kivuko kikirudi nyuma hupiga honi tatu. Na watu wa Baraka honi tatu walizijua kwa jambo moja tu: meli inaondoka, asiyeshuka hakuja.

Saumu alivua leso ya kichwa akaipunga kwa nguvu zote, akiita, sauti ikimezwa na injini. Kule pwani mwanamume mmoja akapunga mkono taratibu, kama watu wanavyoaga wasafiri. Kisha akageuka. Jeneza likapanda mabegani. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama saa ile.

Mchanga mgumu tuliupata mbali, nyuma ya miamba, jua limeshazama. Gari likatoka kwanza. Saumu akakimbia, nami nikamfuata na mzigo wake. Tulimkuta Assumani njiani akitoka makaburini, mikono imejaa udongo. Alishtuka.

"Weye umetokea wapi? Meli ilienda, tulisikia honi! Kulikuwa hata mama moja alikuwa napunga leso, nikamuaga."

"Ilikuwa miye, yaya."

Saumu akaishika ile mikono yenye udongo, akajifunika nayo uso, na hapo ndipo alipolia.