Radi na Sindano Upande Mmoja

Kwa miaka miwili ukumbi wa gemu wa Shangazi ulikuwa umepasuka mapande mawili. Dirishani walikaa wapambe wa Radi, mchomelea vyuma aliyecheza gemu ya mpira kwa kasi ya kutisha. Mlangoni walikaa wapambe wa Sindano, muuguzi mpole ambaye akishika padi ya kuchezea, hapitiki. Ubingwa walikuwa wakipokezana, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwanzoni ulikuwa utani. Kisha kinyozi wa kambi ya Radi akaandika kwenye grupu ya simu kwamba wagonjwa wa Sindano wanapona kwa bahati tu. Fundi cherehani wa kambi ya Sindano akajibu kwa kumtukana mama mzazi wa Radi. Wiki ile viti viwili vilivunjwa, na Sindano akaacha kuja.

Mashindano ya mitaa yalikuwa Jumamosi, wawili kwa wawili. Mtaa wa jirani ulikuwa umewachapa miaka mitatu mfululizo. Shangazi akamwita Radi.

"Mwanangu, peke yako hutoboi. Kamlete yule dada."

"Watu wangu hawatakubali, Shangazi."

"Ni watu wako, au wewe ndiye mtu wao?"

 Mchana uleule Radi akaenda zahanati kwa Sindano, masizi bado mikononi, akapanga foleni na wagonjwa hadi zamu yake ikafika.

"Unaumwa nini?" Sindano akauliza bila kuinua macho.

"Aibu. Yale waliyoandika juu yako niliyasoma, nikacheka. Nisamehe, dada. Jumamosi tucheze pamoja."

Sindano akaweka kalamu chini. 

"Wangu nao walimtukana mama yako, na sikuwakemea. Tusameheane. Ila nikikwambia rudi nyuma, unarudi."

"Nitarudi."

Jioni wakatuma ujumbe mmoja kwenye grupu, wenye majina yao wote wawili: anayemtukana mmoja wetu ametutukana sote, na Jumamosi abaki kwao.

Jumamosi asubuhi Shangazi alikuwa ameshapanga watu: mmoja wa Radi, mmoja wa Sindano, mpaka ukutani. Kinyozi akajikuta ubavuni mwa fundi cherehani. Wakakaa wamenuna, kila mmoja akiangalia upande wake.

Jirani wakafunga mapema. Radi akapandwa na mori, akataka kukimbilia mbele.

"Rudi," Sindano akasema.

Akarudi. Sindano akaunasa mpira, akautuliza, akautuma mbele. Radi akachomoka nao, akafunga. Kinyozi aliruka akamkumbatia aliyekuwa karibu. Alipoona ni fundi cherehani, alisita kidogo, kisha akamkaza zaidi.

Dakika ya mwisho jirani wote wawili walimfuata Radi, wakijua hajawahi kumwachia mtu mpira. Safari hii aliuachia. Sindano alikuwa peke yake pembeni, akaupachika wavuni bila haraka.

Ukumbi ulilipuka. Waliwabeba wote wawili hadi barabarani, mikono ya kambi zote ikichanganyika chini yao, hujui nani anamshika nani. Miaka mitatu ya kuchekwa ikaisha pale.

Walipowashusha, kinyozi akasogea kwa Sindano.

"Dada, niliandika upuuzi."

"Nilishausamehe. Nishikie mkoba, nivae kiatu."

Akaushika kwa mikono miwili. Fundi cherehani hakuonekana. Alikuwa ameshatangulia kwa mama yake Radi, kumwomba radhi na kumpa habari za ushindi kabla mtu mwingine hajamfikia.