Mvua Iliyonyesha Ukutani

Saa mbili asubuhi mchora ramani wa ofisi ya mvua alibandika ramani tatu ukutani, akamwita mkuu wake achague. Zote zilitokana na vipimo vilevile kumi na kimoja. Ya kwanza ililipatia jimbo zima wastani mmoja. Ya pili ilikipa kila kijiji mvua ya kipimo kilicho karibu nacho. Ya tatu aliichora kwa mkono, mistari ikipinda kufuata milima. Hiyo ilimlia wiki sita.

"Hii ya pili," mkuu alisema. "Imenyooka."

"Mkuu, watu wa bondeni wamepewa mvua ya ng'ambo ya mlima. Kwao halijadondoka tone tangu mwaka jana. Na chakula cha msaada kitagawiwa kwa ramani hii hii."

"Kipimo cha karibu nao ni kipi?"

"Hicho cha ng'ambo."

"Basi. Mambo ya dada yako yaache nyumbani."

Ni kweli, dada yake aliolewa bondeni. Mkuu akagonga muhuri.

Kabla ya saa nne ramani ilianza kuvuja, palepale palipoandikwa jina la bonde. Mfagizi akakinga ndoo, ikajaa, akakinga nyingine.

"Na deki nimeshapiga," akanung'unika.

Jumatatu dada mtu akafika na madumu mawili, miguu imemvimba kwa mwendo wa siku mbili. Akaitazama ramani.

"Kaka, ndiyo mvua yetu hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi nishikie dumu." Maji yalipofika nusu akasema, "Kitinda mimba tumemzika Alhamisi. Maji haya yangepata unga, ningempikia uji."

Kaka mtu akaendelea kushika dumu mpaka likajaa.

Wengine wakafuata. Mkuu hakufoka, alipanga foleni, wazee mbele, mwisho saa sita, na viatu vivuliwe mlangoni. Kwenye ripoti akaandika kwamba bonde linapata mvua yake yote na yeye mwenyewe ameishuhudia. Malori ya chakula yakapita barabara kuu, hayakukata kona.

Kufikia mwezi wa tatu, ukuta ukimwaga vilevile, foleni ilikuwa na watu wanne. Dada hakuwamo. Mkuu aliwahesabu, akarudi mezani, akaongeza mstari mmoja: mahitaji ya bondeni yamepungua sana.