Jua Lilikuwa Linamzima Edmund

Edmund alifariki Jumanne moja, siku ya pili ya kuvuna mpunga hapa Madibira. Majirani waliacha miundu majarubani wakaja kukaa nasi. Kifua ndicho kilichommaliza, baada ya mwaka mzima kitandani.

Mdogo wangu huyu alizaliwa na madoa ya rangi ya chai mgongoni. Alipobalehe akaota vinundu mwilini, kama vya baba yetu Zabron, na vya babu. Ukoo wetu unajulikana kwa hivyo.

Miaka minne iliyopita alianza kuyumba. Asubuhi, maji yakiwa bado ya baridi, alipandikiza miche kutuzidi wote. Jua likipanda, miguu inalegea, jicho la kushoto linaona ukungu, anakwenda kukaa tutani.

"Shemeji yangu miguu yake ina saa!" Anania, mume wangu, alimcheka mbele ya watu. "Saa nne ikifika tu, inagoma."

"Jua linanizima, dada," Edmund aliniambia. "Nikishaoga maji ya kisimani narudi kuwa mtu."

"Ni vile vinundu vya baba," nilimjibu. "Baba alilima navyo hadi uzee. Vumilia."

Tabibu wa zahanati aliandika barua, aende Mbeya akapigwe picha ya kichwa. Barua niliishika mimi. Nilisema ugonjwa wa ukoo tunaujua, wa kupimia nini? Tungoje mavuno kwanza. Yakapita mavuno mawili.

Mbeya tulimfikisha akiwa amebebwa. Daktari alituonyesha picha.

"Vinundu ni vya ukoo wenu, kweli. Ila hii ni MS, ugonjwa mwingine kabisa. Kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo. Joto huzidisha dalili zake."

"Mtu mmoja, yote mawili?" niliuliza.

"Ni nadra, lakini hutokea. Mngemleta mapema, zipo dawa za kuupunguza kasi."

Edmund alinigeuzia uso. "Umesikia, dada? Nilikwambia jua." Alisema taratibu, bila hasira. Heri angenitukana.

Ameacha binti wa miaka tisa, Happy, ambaye sasa anaishi nasi. Naye ana yale madoa. Wiki iliyopita alisema kichwa kinamuuma tangu Jumapili. Anania akasema ni mambo ya ukoo, yatapita.

Alhamisi nampeleka Mbeya. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.