Ubao wa Dizeli

Owiti, meneja wa usafirishaji, alikuwa na ubao. Aliutundika mwenyewe ukutani kwenye ghala la samaki, Industrial Area, na kila jioni aliandika majina ya madereva: kijani kwa waliobana dizeli, nyekundu kwa walioacha injini ikinguruma bure. Moshi aliuchukia kwa uchungu wa mzazi. Binti yake Elsie alikuwa na pumu, na nyumba yao ya Donholm ilitazamana na barabara. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja tu: lori likisimama dakika tatu, zima.

Sheria nzuri, nani abishe? Ila friji ya lori huendeshwa na injini hiyo hiyo, na Owiti, kwa pupa yake, hakuwahi kuyaondoa kwenye sheria hiyo malori yenye mzigo. Madereva walijua. Wakawa wanawasha kimyakimya, wanaandikwa nyekundu, wanachekwa. Mzee Nyamai alikaa kwenye nyekundu miezi minne, mpaka wapakiaji wakambandika jina la Bomba la Moshi.

Jumanne hiyo Nyamai alikwama kwenye foleni barabara ya Outer Ring tangu asubuhi, jua likichoma, tani mbili za samaki nyuma. Akamwandikia Owiti: "Bosi, jam imekataa kusonga. Niwashe kidogo? Samaki wataharibika." Owiti alikuwa mbele ya Bi Kadija, mwenye kampuni, akijigamba jinsi dizeli ilivyopungua. Aliusoma ujumbe nusunusu, akajibu kwa kidole kimoja: "Sheria ni ile ile. Zima."

Kufikia saa kumi alasiri uvundo ulikuwa umejaa uani. Akina mama wanaokaanga samaki Mathare walikuwa wameondoka na mabeseni matupu, wakilaani. Ofisini, Bi Kadija aliweka mezani barua ya kumfuta Nyamai. Ilibaki sahihi ya meneja.

"Mzee, nani alikwambia uzime?" Bi Kadija aliuliza.

Nyamai alimtazama Owiti. Simu yake ilikuwa mfukoni, na ujumbe ndani yake. Owiti aliikodolea macho mfuko huo. Akifutwa yeye, dawa ya Elsie itatoka wapi? Itoe hiyo simu, aliomba moyoni. Hapana, usiitoe. Hakujua hata anaomba lipi.

"Nilizima mwenyewe, Mama," Nyamai akasema, akaweka funguo za lori mezani.

Elsie alimjua mzee huyo vizuri. Pumu ilipombana mwaka jana, Nyamai ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa lori lile lile, injini ikiwaka mlangoni hadi alipotibiwa. Owiti alishika kalamu. Akaiweka ncha yake kwenye barua.

Nyamai akageukia mlango, kisha akasimama. "Bosi, leo jina langu si ni kijani?"

Owiti aliutazama ubao kupitia dirisha. Alikuwa ameliandika jina hilo mwenyewe saa nane, bila kungoja jioni, hata kabla lori halijafika.

"Ni kijani, Mzee," akasema, akaiweka kalamu chini. Alitoa simu yake mwenyewe, akafungua ujumbe, akaisukuma mbele ya Bi Kadija. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Bi Kadija aliusoma mara mbili. Akaichana barua, akamrudishia Nyamai funguo za lori. Kisha akamnyooshea Owiti kiganja, akingoja funguo za ofisi.