Nusu ya Herufi

Kibaya chajiuza, kizuri chaachwa kutengenezwa. Waliotuachia methali iliyo kinyume cha hii hawakuwahi kusimama mbele ya kabati la vioo la duka la simu, mkononi wameshika simu iliyokufa, imefungwa kwenye leso, kama alivyosimama Sindano asubuhi ile.

Sindano halikuwa jina lake. Alikuwa mshona sare za shule, na jina hilo alipewa na mumewe, mwandika mabango, kwa ajili ya kazi yake na, mumewe hakuacha kuongeza, kwa ajili ya ulimi wake. Mume naye mtaa mzima ulimwita Herufi. Maduka mengi yalisomeka kwa mkono wake, na wenye maduka wengi alikuwa na ugomvi nao, kwa sababu hakukubali kuandika kosa hata abembelezwe vipi. Mwenye bucha aliyetaka ubao useme NYAMA LAINI SANAA aliambiwa akatafute fundi aliyekimbia shule.

Kisha kiharusi kikampiga Herufi, kikachukua upande wa kulia wote, kikachukua na ulimi. Kilimwachia kitu kimoja tu kinachotii: dole gumba la kushoto. Vidole vingine vya mkono huo vilijikunja kama ndoano, na mkono wenyewe ulilala juu ya blanketi bila kunyanyuka. Lakini ndani ya ndoano ile simu yake ndogo iliingia kama yai kwenye kiota, na dole likafika kila pembe ya kioo. "Ndiyo maana inaitwa simu ya kiganjani," Sindano aliwaambia wageni. "Inakaa kiganjani."

Na kwa dole lile Herufi hakunyamaza. Geuza mto. Umevaa blauzi nje ndani, Sindano, au ndiyo mtindo? Daktari kaandika "anapumuwa". Mwambie atoe w, huenda nikapumua vizuri. Kuhusu dada yake mkubwa, aliyekaa upande wa pili wa mji, aliandika: Wifi yako na waifai ni kitu kimoja. Ukiwahitaji hawapo, usipowahitaji wamejaa nyumba nzima. Sindano alicheka mpaka akakaa chini. Mtu aliyebakiwa na dole moja alimchekesha kuliko wazima wote aliowajua.

Ndipo betri ilipovimba kama shavu lenye jino bovu, ikakibandua kioo. Fundi simu aliigeuza mara moja tu. "Betri ya hii haiji tena, dada. Na simu yenyewe haiji. Kampuni ilishaitupa mkono."

Kwa hiyo akaenda dukani. "Nataka ndogo kama hii," akamwambia muuzaji, akifungua leso.

Muuzaji akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya utotoni. "Mama, hizo zimekwisha duniani. Siku hizi watu wanataka kioo kikubwa."

"Watu gani?"

"Watu, mama. Soko."

"Huyo Soko ana mikono mikubwa kiasi gani?"

Wateja wakacheka. Muuzaji naye akacheka, akamwekea juu ya kabati simu ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Sindano akaipima kwa shubiri.

"Hii ndiyo ndogo? Baba, nimekuomba simu ya kiganjani, unanipa sinia."

"Utazoea. Wote wanalalamika, halafu wanazoea."

"Mgonjwa wangu ana dole moja."

"Basi chukua ya vitufe."

Ya vitufe alikwisha kuiazima kwa jirani, wakaijaribu. Vitufe vinataka nguvu, na dole la Herufi liliweza kugusa tu. Akauliza kama hiyo kubwa inaweza kubana kibodi ikakaa upande mmoja. Muuzaji akasema hiyo hufanywa na za juu zaidi, hii haina. Sindano akaibeba sinia yake akaenda nayo nyumbani.

Siku ya kwanza Sindano alimnyanyulia mkono ili akione kioo, simu ikamteleza Herufi ikamwangukia mdomoni, ikampasua. Sindano akaketi kwenye cherehani, akashona mkanda wa lastiki, akaupitishia mshono wa pili ili usilegee, akaifunga simu kwenye mkono wa mumewe. Haikuanguka tena.

Lakini Herufi aliyekuwa akiandika humo hakuwa yule. Ukimuuliza kama amelala vizuri: sawa. Maji ya moto mno? sawa. Mara nyingine dawa, au taa, au wewe. Sindano akamchokoza. "Leo nimevaa blauzi nje ndani makusudi. Huoni?" Dole likajinyoosha, likatetemeka hewani, likarudi. sasa, kioo kikasema, hakuna zaidi.

Muuguzi aliyekuja kumgeuza akafurahi. "Amekuwa mpole! Zamani alikuwa akinisahihisha mpaka fomu." Sindano akaenda jikoni, akafungua bomba ili asisikike. Daktari alikwisha kumwonya kwamba ugonjwa unaweza kugusa na akili. Akaona umeigusa.

Siku moja alirudi kutoka kazini akamkuta wifi yake sebuleni pamoja na Mjomba, kaka wa marehemu mama mkwe wake, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika ukoo. Walikuwa wamekuja na wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya: wewe unashinda kazini, mgonjwa anashinda peke yake, kwa dada yake kuna watu mchana kutwa. Ahamie huko.

"Na mwenyewe tumemuuliza, wifi. Kakubali. Njoo uone."

Kwenye kioo palikuwa na s sawa.

"Hiyo s ya nini?"

"Kidole kimeteleza tu. Na wewe umeshakuwa kama mumeo, herufi moja ishakuwa kesi!"

Sindano akawaomba watoke. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, unataka kwenda kweli? Niambie mimi. Nikuache uende?"

Dole lilihangaika muda mrefu. Jasho likamtoka Herufi kwenye paji la uso, na chozi likashuka kwenye shavu lililo hai. Alipotulia, mkewe akainama kusoma.

a a wewe

Akaisoma kama ambavyo ungeisoma wewe, kama sote tunavyowaambia watoto wanaotusumbua: Aa, wewe! Niondokee. Akaamini chozi lile lilikuwa la hasira. Alinyanyuka, akamkunjia nguo mwenyewe, shati juu ya shati, akaita watu wambebe.

Jumapili alikwenda kumwona. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kwa kuwa mwanamke aliyefukuzwa hakai kitandani. Herufi alimtazama, naye alitazama dirisha. Jumapili ya mvua hakwenda. Katikati ya wiki iliyofuata mumewe akafa, na yeye alikuwa kazini anapiga pasi kola.

Baada ya mazishi aliletewa mfuko: nguo, soksi, simu ndani ya mkanda wake. Akaingiza mkono wake wa kushoto kwenye lastiki, ili tu ukae pale mkono wa mwenzake ulipokaa. Akakunja vidole kama ndoano. Akataka kuandika jina lake, Herufi. Dole likaipita h kwa mbali, likapata e, likapata r, u ikakataa, f ikaja, i ikakataa. Akajaribu ndiyo, akapata d. Akajaribu hapana, akapata aaa. Kufuta hakuweza, kitufe cha kufutia kilikuwa upande wa pili, pamoja na nusu nzima ya alfabeti.

Ndipo akaikumbuka ile s. Si sawa. Alikuwa amewaandikia si sawa.

Kisha akarudi kwenye ile ya pili. Mumewe alikuwa akimfundisha, wakipita mtaani, kusoma mabango yaliyobanduka rangi: shika zilizobaki, uliza ni zipi zilizoondoka. Akashika a. Akashika a ya pili. Wewe lilikuwa zima. Akajaza, akafuta kichwani, akajaza tena, mpaka maneno yakajipanga yenyewe, na Sindano akauma leso ili majirani wasikimbilie.

Nibaki na wewe.

Kikao cha familia kiliitwa kwa sababu ya aliyoyasema kesho yake mlangoni kwa wifi yake, mbele ya watu: kwamba amemwiba ndugu yake akiwa hai na kumrudisha akiwa maiti. Waliketi kwa wingi. Mjomba akakohoa.

"Umemtukana mwenzio. Amemuuguza kaka yake kwa mikono yake."

Sindano akaitoa ile simu. Alimvisha wifi yake mkanda kwenye mkono wa kushoto. "Tumia dole tu. Niandikie hapana."

Wifi akajaribu. Akalivuta dole mpaka kiungo kikalia. Akatazama kilichoandikwa, akaipakata simu mapajani, akaanza kulia kwa sauti ya chini, akimwita kaka yake.

"Hakujua," Mjomba akasema, sauti imeshuka. "Hata wewe ulisoma ukakosea, mwanangu. Sote tulikosea. Mwombe radhi mwenzio, yaishe."

"Yaishe vipi, Mjomba? Waliosema dunia haitaki simu ndogo hawajaja hapa kuomba radhi. Aliyeitupa ile s hajaomba. Mimi niliyekosea, niliyemkosea amelala chini, na hilo ni langu na yeye."

"Nimekuambia mwombe."

"Siombi."

"Mwanangu."

"Nimesema siombi, Mjomba. Leo siombi, na mkiniita kesho nitakuja nikae hapahapa, na sitaomba."